Siku Nilipotangaza Nguo Zote Tayari

Kosa langu la mwanzo kabisa pale kwa fundi cherehani Mama Kabula, Bariadi mjini, ninakotunza oda za wateja, lilikuwa kudhani programu ya oda ya mtandaoni ina huruma kama ile ya zamani iliyokaa ndani ya kompyuta yetu, na hata nikiwasimulia sasa masikio yanawaka. Ile ya zamani (nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, na mimi sigusi kitu bila mazoezi) ungeichezea utakavyo, ukiifunga bila kuhifadhi, hakuna aliyejua. Basi asubuhi ya kwanza ya hii mpya nikaweka oda zote "tayari" nione ukurasa unavyopendeza, nikatafuta kitufe cha kuhifadhi ili nisikiguse, sikukiona, nikafurahi, nikafunga.

Kumbe inahifadhi yenyewe palepale, na kila mteja anatumiwa ujumbe.

Baadaye kidogo mlango ukajaa watu. Mbele yao Mzee Masanja, katoka Dutwa kwa basi, na shati tu bila koti, akasalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Nimefuata suti. Sendofu ya binti ni kesho, na koti la zamani nimeshampa mdogo wangu, si mmesema tayari?"

"Tayari wapi, baba? Tulisema jioni, ndiyo kwanza naenda kukata!" Mama Kabula akasoma simu ya mzee, akanigeukia. "Wewe. Na makelele haya siwezi kukata. Toka nje uwaambie ulichofanya."

Nikasimama kizingitini, sauti nyembamba kama ya kuku. "Jamani, ni mimi. Nilikuwa... najaribu."

"Haya, na mimi najaribu," akadakia mama mmoja. "Nipe sare ya mwanangu!"

Wakacheka, wakanisonya, nikaomba radhi kwa mmoja mmoja juani huku nikisikiliza cherehani ndani, kila ikinyamaza roho inaniruka, nikijua suti isipoisha mzee atamuaga binti mbele ya wakwe kwa shati na mimi kazi sina.

Iliisha. Mzee alipanda basi la mwisho ameivaa, hakuniangalia.

Siku hizi nafanyia mazoezi kwenye oda moja tu, ya mteja wa uongo mwenye namba yangu mimi, na nguo ikiwa tayari ninayeambiwa ni mimi peke yangu.