Kiapo cha Amos Trewin

Amos Trewin, fundi mapipa wa mtaa wetu hapa Bristol, tumemzika juzi. Watu wanamsifu, na wana haki. Ila mimi ndiye niliyemharibia maisha, na sitaki kuzikwa na siri hiyo.

Ujanani alikuwa baharia kwenye meli ya watumwa. Mchana kweupe alimwona Kapteni Garland akimtosa baharini mwanamke aliyekuwa akimlilia mwanawe. Mama wa watu akang'ang'ania kamba. Kapteni akamponda vidole kwa kisigino. Amos aliporudi aliacha bahari, akajiunga nasi Marafiki, kama dhehebu letu la Kikristo linavyoitwa.

Miaka ikapita. Wapinga utumwa wakawa wanazunguka bandarini kutafuta mashahidi. Amos akawaeleza yote, wakaandika, na Garland akashtakiwa London kwa mauaji. Mabaharia wengine walifyata mkia. Akabaki Amos peke yake.

Kikwazo kikawa kiapo. Sisi Marafiki hatuapi, kwetu neno la mtu linatosha; na kesi ya mauaji haimsikilizi asiyeapa.

"Ndugu Silas, niape?" aliniuliza karakanani.

"Ukiapa tutakutenga. Mungu hahitaji kiapo chako."

Mkewe, Lydia, akadakia: "Mungu hahitaji, shemeji, jaji je? Au yule mama aibuke baharini aje kuapa mwenyewe?"

"Lydia, haya ni mambo ya dini."

"Na yale ya melini yalikuwa ya nini? Ya ngoma?"

Amos alinisikiliza mimi. Kule London alikataa kuapa, jaji akamwambia ashuke kizimbani. Garland akatoka huru. Mlangoni alimvulia Amos kofia, akacheka: "Ahsante sana, rafiki yangu."

Tangu hapo Amos alipita nyumba hadi nyumba na karatasi ya kuliomba Bunge likomeshe biashara ya watumwa, akisimulia habari za yule mama. Watu walilia, wakatia sahihi. Wengine waliacha hata sukari, kwa kuwa miwa yake ililimwa na watumwa. Mimi nilitamba kwamba tunapigana kwa mikono safi. Mjinga mkubwa mimi.

Sheria ilipopita mwaka huu, nilimkimbilia. Alikuwa hoi kitandani.

"Amos, imepita! Biashara ile imepigwa marufuku!"

"Garland yuko wapi?"

"Alikufa mwaka juzi. Usingizini."

Akamgeukia mkewe. Kisha akasema, "Lydia, niletee Biblia."

Akaweka kiganja juu yake. "Naapa mbele ya Mungu, nilimwona akimponda vidole."

Kwa kanuni zetu nilipaswa kumshtaki kwa wazee. Sikuthubutu. Alinikazia macho kama shahidi anayengoja swali linalofuata, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuuliza, nikauliza mimi.

"Yule mama aliitwa nani?"

Akatoa kiganja kwenye Biblia.

"Sijui, ndugu yangu. Hatukumwuliza."