Kovu Lile Halikuwa Mali ya Ofisi

Habari ya kifo ilinifika kwa namna habari kama hizo zinavyotufika huku kwetu. Jirani alisimama mlangoni, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa kwanza. Nikajua. Nikamwambia, "Sema tu, ni nani?" Akanitajia yule mama wa Old Moshi, yule wa mkono, kwamba presha ilimpanda wakamkimbiza hospitali ya Mawenzi na hakurudi. Jumamosi tumemzika kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa, na nimeshuka mjini nikiwa nimefura kwa hasira. Wanaonisoma kila wiki wananijua: nikikasirika naandika marefu. Leo mtanivumilia.

Wengi mjini mlimfahamu kwa ule ugomvi wa ofisini tu, na wengi mliusimulia vibaya. Nianze mbali kidogo. Mumewe alipofariki, hata turubai la matanga halijashushwa, mdogo wake marehemu alikuja amelewa mbege, panga mkononi, akitaka mjane atoke kihambani. Mjane akasimama mlangoni. Jamaa akashusha panga, na mama akalikinga kwa mkono wa kushoto, likampasua kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Kwa mkono wa kulia akachukua mchi wa kinu akamtandika nao mdomoni, meno ya mbele yakamwagika. Walipelekwa hospitali kwenye pikapu moja, damu imejaa sakafuni, na njia nzima wanatukanana Kichagga. Dereva alisema aliogopa wangepigana tena humo humo nyuma.

Baadaye shemeji huyo alikuja na isale. Kwa msomaji ambaye si wa mlimani: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi. Ukimkosea mtu vibaya, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono yako mwenyewe, na mtu wa ukoo anakusindikiza kama shahidi. Maneno hayahitajiki mengi. Na anayepelekewa hakatai, maana akikataa, lawama zote zinamrudia yeye. Mama yule alimwacha shemeji yake amesimama mvuani mpaka roho yake ikaridhika, kisha akatoka akalipokea lile jani. Tangu siku hiyo yule bwana ndiye aliyekuwa akimpogolea kahawa, bila mdomo.

Sasa mnakumbuka miaka ile. Bei ya kahawa imeanguka, wanunuzi binafsi wanapanda mlimani na mizani zao, viwandani watu wanapunguzwa kazi, na kila nyumba yenye geti hapa mjini imebandikwa kibao cha shirika. Moja lilikuwa mtaa wa Njoro, la kutetea haki za wajane, na lilimwajiri mama yule awe mhamasishaji. Haki ya Mungu, kazi aliiweza! Aliingia nyumba ambayo mashemeji wameshajaa uani na mapanga, akamkuta mjane anatetemeka jikoni, akakunja mkono wa gauni lake. "Mama, tazama. Mimi nilikatwa, na bado nipo, na kihamba ni changu. Simama." Alifanya hivyo kwa hiari yake, kwa aliyemtaka, kwa saa aliyoitaka. Nawaomba mkumbuke hilo kabla sijaendelea.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, Mzungu. Sitamchora kama shetani, maana hakuwa. Alijifunza Kiswahili, alikula mtori, aliwasalimu wazee shikamoo na aliendesha gari lake mwenyewe kuwapeleka wajane waliopigwa hospitali. Lakini alikuwa na wageni wengi, wafadhili, na kila wakija alikuwa akisema, "Mama, waonyeshe mkono." Mama akaonyesha. Wakaja wengine, akaonyesha. Wengine wakagusa kwa vidole. Siku moja wakiwa mezani wanakunywa chai, akaambiwa tena, akajibu kwa upole kabisa, "Leo sitaki." Mkurugenzi akacheka, akawageukia wageni wake, akasema kwa Kiswahili ili na wafanyakazi wasikie, "Msishangae akinuna. Watu wa huku panga ni jepesi kwao kuliko maneno."

Na wafanyakazi wakacheka. Hapo ndipo penyewe, jamani. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alirudia hapo: watu wa nyumbani, waliokula kiburu cha ndizi kwake, walicheka. Akainuka, akampiga mkurugenzi kibao kilichosikika mpaka kwa fundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Chupa ya chai ikaanguka ikapasuka, mgeni mmoja akaungua mapaja. Vurugu tupu.

Ofisi ikagawanyika. Nusu walisema ule ni ubaguzi wa wazi, nusu wakasema ni utani, tena wa mtu aliyejitahidi kutania kwa lugha yetu. Msaidizi wa mkurugenzi, mtoto wa hapahapa, alimuuliza mama, "Angekuwa Mchagga mwenzako kasema vile, ungempiga kweli?" Mama akamjibu, "Mchagga mwenzangu ningemvunja taya. Huyu nimemwonea huruma, ni mgeni." Mkurugenzi mwenyewe alilia. Alisema, "Nimewatetea miaka yote hii, leo naitwa mbaguzi?" Nami naamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Ila tazama kilichotokea: tangu lile neno litamkwe, ofisi nzima ikawa inashughulika na uchungu wa yeye aliyeitwa hivyo. Vikao juu ya vikao. Habari ya mkono na ya kicheko ikasahaulika. Mama akaambiwa achague: aombe radhi au aondoke. Na akiondoka, mshahara ule ndio uliokuwa ukimlisha, kahawa ilikuwa hailishi mtu tena, na wajane wa vijiji vyote vile walikuwa wakimsubiri yeye, hawalisubiri shirika.

Wazee wakamshauri apeleke isale. Akakubali, na alikubali kwa akili zake. Aliniambia, "Kumpiga nimempiga, tena mezani kwake, mbele ya wageni wake. Hilo ni langu, nitalibeba. Alichosema yeye ni chake, atakibeba mwenyewe." Msaidizi akamweleza bosi wake maana ya isale, na bosi akafurahi kupita kiasi. Akaona ni jambo zuri mno kuachwa lipite kimyakimya. Basi siku ya siku nikaalikwa na mimi kama mwandishi. Nilikuta viti vya kukodi, kitambaa chenye maandishi ya upatanisho kimetundikwa ukutani, makreti ya soda, wageni wa heshima na mtu wa video na kamera yake juu ya miguu mitatu. Ebo! Nikajiuliza, hii ni toba au ni harusi?

Mama akaingia getini amevaa kitenge cha mikono mirefu, jani lake mkononi limefungwa fundo. Nyuma yake shahidi wake alikuwa nani? Yule yule shemeji wa panga, mdomo wazi bila meno ya mbele, amevaa gambuti. Mama akaona viti, akaona kamera, akasimama kidogo. Nikadhani atageuka. Hakugeuka, akaendelea kutembea. Mkurugenzi akanyoosha mikono yote miwili, uso unang'aa kwa furaha. Mtu wa video akapaza sauti, "Subiri, subiri! Mama rudi nyuma, uje tena polepole." Na yule msaidizi akamsogelea, akamwambia, nami nikiwa karibu nikasikia, "Na ukunje mkono wa gauni, ili kovu lionekane ukimkabidhi."

Kwanza ilikwenda kamera. Mama aliishika kwa ile miguu yake mitatu akaipigiza chini, akainyanyua, akaipigiza tena mpaka vioo vikaruka. Msaidizi alipotaka kumzuia alipigwa na chuma kile kwenye taya, akakaa chini akitema damu kwenye shati lake jeupe. Meza ikapinduka, makreti yakaporomoka, soda na vipande vya chupa vikatapakaa uani, wageni wa heshima wakawa wanakanyagana kuelekea chooni. Mkurugenzi akakimbilia kumshika, na katika mwili mzima wa mama yule akashika mkono ule, palepale kwenye kovu. Akang'atwa mpaka mfupa, akapiga yowe ambalo sijapata kusikia mwanamume akilitoa. Mlinzi alikuwa anakuja mbio na rungu. Shemeji akamzibia njia, akamwambia taratibu, "Mwache amalize."

Polisi walimchukua, na kazi ikaishia pale. Alifungua shauri la kuachishwa kazi, nikaenda kusikiliza. Ofisa wa kazi aliyelisikiliza akamuuliza, "Mama, alikutukana neno gani?" Akasema, "Hakunitukana." "Sasa huo ubaguzi unaousema uko wapi?" Mama akamwonyesha shemeji yake aliyekaa kwenye benchi. "Yule pale alinikata. Akaja na isale, nikalipokea, na hakuita mtu kuja kutazama. Hawa hawakunikata. Hawa walitaka nikatwe kila wakipata wageni." Ofisa akaandika kwamba kumpiga mwajiri ni kosa la kufukuzwa. Na kisheria alikuwa sahihi, siwezi kumlaumu, huwezi kumng'ata bosi wako halafu ukadai kiti chako. Lakini nilitoka pale nimeumia, na bado naumia. Tuna sheria ya anayepiga. Kwa anayemvua mtu mbele za watu, kwa nia njema, na kila mara akimshukuru, sijui tuna nini. Naongeza hili, na mtanichukia mkitaka: aliyemwambia akunje mkono wa gauni hakuwa Mzungu. Alikuwa mtoto wetu, aliyejua isale tangu tumboni mwa mama yake, akaliuza kwa wageni wa siku moja. Mzungu angalau hakujua.

Lile shirika lilifunga geti wafadhili walipochoka. Mama aliendelea kuwaendea wajane kwa miguu, akakunja mkono wa gauni pale alipoona inafaa, bila bosi.

Jumamosi basi. Wanawake walimvika gauni la mikono mirefu, kama alivyoagiza. Jeneza likiwa uani tunamuaga, akatokea kijana wa shirika jingine, jipya, na kamera shingoni. Akaomba ndugu wamkunje marehemu mkono wa gauni kidogo tu, apige picha, jamii ijifunze. Niliinuka nikiwa na nia ya kumpiga, nasema kweli. Shemeji akaniwahi. Alikuwa anakata majani ya migomba ya kutandika, kwa hiyo panga alikuwa nalo mkononi, na kijana alipoliona likimjia alirudi nyuma mpaka akajikwaa kwenye mti wa kahawa. Shemeji, mzee sasa, akasimama kati ya kijana na jeneza. "Kovu lile nililiweka mimi," akasema. "Nililiombea radhi nikiwa mvuani, nikapewa. Wewe umeliomba kwa nani?"

Mzee akalichomeka panga ardhini, akakaa chini kando ya jeneza, akalia kwa sauti kama mtoto.

Ninyi mnaotetea watu, na mimi ninayewaandika watu, tumesikia. Mtu akikufunulia jeraha lake, amekuonyesha wewe, saa ile. Hajakupa. Ukitaka kuliona tena, rudi ukamwombe, na akisema leo sitaki, kunywa chai yako unyamaze.