Mzee wa Kanisa Aliyeuogopa Mto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ya mwaka ule wa mafuriko ya El Niño, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Usiniambie nimezeeka nitulie. Yako mambo ambayo mtu akiyatulia ameyakubali.

Nilikuwa mke kijana, ndiyo kwanza nimeolewa huku chini ya Garsen. Mto Tana ulikuwa umemeza mpunga na migomba yote, nasi tukahamia juu ya vilima vya mchanga pamoja na majirani zetu Waorma na ng'ombe waliowasalia. Shemeji yangu Yohana, kaka yake mume wangu, alikuwa mzee wa kanisa. Akiomba, watu hulia. Lakini njia mbili zilimshinda fisi, na Yohana alikuwa akizipita zote mbili.

Asubuhi hiyo binti yake Rehema alishikwa na kuhara. Mtumbwi tulikuwa nao, na Garsen madaktari walikuwa wameweka mahema kwa ajili ya maradhi hayo hayo. Yohana akakataza mtu kuondoka. Mganga alikuwa amemwambia kwamba mto umekasirika, hauvukwi mpaka upewe mbuzi mweusi. Akamfunga mtoto hirizi kiunoni, kisha akaenda kuomba mbuzi kwa Guyo, jirani yetu Mworma.

Guyo alimtazama sana. "Maziwa ya mtoto, chukua. Mbuzi ya kupea mto, mimi sitoi. Mungu ni moja, Yohana. Hata wewe unajua."

Unasikia? Mwislamu ndiye aliyemkumbusha mzee wa kanisa amri ya kwanza! Naye hakusikia. Alizunguka kambi nzima akitafuta mbuzi, huku macho ya mtoto yakizidi kuzama.

Mavyaa wangu, mama yake Yohana, alikuwa ameenda kuni. Aliporudi akaona, aliutupa mzigo chini, akatwaa kisu cha samaki, akaikata ile hirizi.

"Mumeo yuko wapi?" akaniuliza. "Mwambie ashike upondo, ausukume mtumbwi. Twaenda."

Mtumbwini nilimpakata Rehema, mavyaa akimtilia maji ya uji kinywani tone kwa tone. Tulipokuwa tunaanza kuona mabati ya Garsen, mtoto alinishika kidole. Kisha akakiachia.

Kwenye mazishi Yohana alisimama na Biblia yake, akaanza kusema kwamba Mungu amemchukua aliye wake.

"Nyamaza!" mama yake akamkatiza mbele ya watu wote. "Usimsingizie Mungu! Mungu alikupa mtumbwi, akakupa mikono, akakuwekea madaktari Garsen. Ni wewe uliyeupa mto mjukuu wangu. Ondoka hapo."

Yohana akaondoka. Uzee wa kanisa akauacha mwenyewe. Maji yalipopungua alitukuta shambani tukipandikiza mpunga, akapiga magoti topeni mbele ya mama yake.

"Mama, niliuogopa mto."

"Mto ni maji, Yohana. Jumapili ulimwimbia Mungu. Siku ya hofu ukayasujudia maji."

Kisha akamshika kichwa kwa mikono yake yenye tope, wakalia wote wawili. Alimsamehe. Mimi bado najaribu.

Mwanangu, sikuambii haya umcheke Yohana. Alimpenda mwanawe, na hapo ndipo panaponiuma. Mungu wako si yule unayemwimbia. Ni yule unayemkimbilia ukiogopa. Leo waganga wana mabango pale stendi, na wengine wamevaa kola za uchungaji, wanawauzia wagonjwa maji ya chupa. Mwanasiasa akija mnamtandikia leso akanyage, kana kwamba yeye ndiye anayeleta mvua. Ni mto ule ule! Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi inayomponyoka ndiyo yenye uhai.

Basi shika moja. Mche Mungu peke yake, na akikupa njia usikae ukingojea ruhusa ya kitu alichokiumba Yeye. Mtoto akiugua, omba ukiwa njiani kwenda hospitali.

Mungu wa kweli akulinde, mwanangu. Akupe moyo usiogawanyika, na wanao waje wakuzike wewe, wala si wewe uwazike wao.