Shuka Kilimani, Mwanangu

Siku ile ya kilima naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na siisimulii kwa kupenda. Naisimulia kwa sababu nimechoka. Jumamosi iliyopita mjukuu wangu Shabani alikuja hapa nyumbani Mingoyo na wenzake, wamevaa vile vikaptura vya kubana na kofia ngumu zenye matundu, simu zimefungwa kwenye usukani. Walikuwa wanatoka Kilwa Masoko kwa baiskeli. Njiani waliacha lami wakaingia Kiswere kuiona ghuba, wakapita Mchinga, wakapita Lindi mjini, mpaka mlangoni kwangu. Wakanionyesha picha: bahari, miamba, mikoko, vilima vinavyoshukia majini. Nikawaambia nimeviona vyote hivyo kabla baba zao hawajazaliwa, wakae wale wali.

Wakati wanakula ndipo nikaisikia sheria yao. Eti safari nzima mtu haruhusiwi kushuka kwenye baiskeli kilimani, iwe kupanda au kuteremka. Ukitua mguu chini umeungua, unawanunulia wenzako soda na unachekwa mpaka mwisho wa safari. Shabani aliieleza kwa fahari, kinywa kimejaa samaki, utadhani kagundua dawa. Nikaweka upawa chini. Nilidhani upumbavu huo tuliuzika zamani.

Tena akasema mwezi ujao ataleta wageni kutoka Dar awapitishe njia hiyohiyo, na mkewe Rukia atakuwemo, kwa sababu sasa naye anaendesha. Rukia, aliyekuwa amekuja nao, alitabasamu tu. Baadaye tukiwa tunaosha vyombo akaninong'oneza kwamba kwenye ile miteremko mikono yake inakufa ganzi kwa kubana breki, na mara mbili ameona anakwenda kuanguka. Nikamuuliza kama mumewe anajua. Hajui. Ameshawatangazia watu kwamba mke wake hashuki, sasa Rukia ataanzaje kumwambia? Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nikafuta mikono, nikawaita wote barazani, na waliokuwa wameshaanza kuvaa viatu wakavivua.

Niliyowaambia ndiyo nakuambia na wewe.

Mimi ni mtoto wa Mingoyo, nikaolewa Kiswere na Hamisi, babu yake Shabani. Kazi yake ilikuwa kununua ng'onda pwani, wale samaki waliopasuliwa na kukaushwa, akawapeleka kwa baiskeli vijiji vya bara. Alikuwa na baiskeli nyeusi yenye kariya pana, na miguu migumu, na kichwa kigumu zaidi ya miguu. Mimba yangu ya kwanza ilipokua ikawa sharti nirudishwe kwa mama nikajifungulie huko, kama ilivyo desturi. Barabara ya lami ilikuwa haijafika. Basi lilipita likijisikia, na masika halikupita kabisa. Hamisi akafunga mto wa sufi juu ya kariya, akanipakia upande, nikakusanya kanga zangu, tukaaga.

Sasa vijana wa Kiswere enzi hizo walikuwa na sheria yao, sijui aliyeitunga, na ningemjua ningemwendea kwao. Mwanamume anayempeleka mkewe kwao kujifungua hamshushi kilimani. Anampandisha na kumteremsha akiwa juu ya baiskeli, mpaka mlangoni kwa mama mkwe. Akimshusha, habari zinatangulia kurudi kijijini, na akikaa kwenye bao anachekwa. Wachuuzi walikuwa wanapeana habari hizo njiani kabla ya kuulizana bei ya samaki. Nani kamshusha wake, nani hakumshusha. Watu wazima wenye ndevu, mwanangu.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri tukalala kwa shangazi yake Mchinga. Siku ya pili tukakikuta kilima. Kipo baada ya Mchinga ukielekea Lindi, pale bahari inapojitokeza mkono wa kushoto, ng'ambo ya miamba. Shabani na wenzake ndipo waliposimama kupiga picha. Wakati huo ilikuwa changarawe tupu na mifereji ya mvua. Nilitaka kusema nishushe. Sikusema. Mama mkwe alikuwa amenifunza kwamba mke hapingani na mumewe njiani, lakini nisimsingizie marehemu. Na mimi nilizitaka zile sifa. Nilitaka mama anione naletwa juu kwa juu.

Katikati ya kilima walikuwapo watu waliokuwa wanatoka kuvuna chumvi, wamejipumzisha kando ya njia. Hamisi alikuwa ameshakwisha pumzi, namsikia kifua kinavyokoroma. Angeshuka. Naamini angeshuka. Lakini wale watu wakamtazama, na mmoja akampigia makofi, basi akasimama juu ya pedeli akakanyaga kwa nguvu zake zote. Uzito wote ulikuwa nyuma, ndiyo mimi na mwanangu. Gurudumu la mbele likainuka juu, baiskeli ikazunguka, nikaanguka kwa kiuno kwenye changarawe na chuma kikanilalia mguuni.

Na unajua Hamisi aliinua nini kwanza? Aliinua baiskeli. Mungu amrehemu, tuliishi vizuri miaka mingi, lakini hilo nilimkumbusha mpaka alipozeeka.

Kati ya wale wavuna chumvi alikuwamo mama mmoja mtu mzima, Bi Somoe, nyumba yake ikiwa chini kidogo ya kilima. Akawaamuru wenzake wanibebe. Akanilaza ubavu kwenye kitanda cha kamba, akaniwekea mkono tumboni, akaniuliza kama mtoto amecheza tangu nianguke. Nikajisikiliza. Asubuhi nzima alikuwa ananipiga mateke juu ya kariya, sasa kimya. Nikamwambia hajacheza. Bi Somoe alikwenda kuchemsha uji, akarudi, akaweka mkono palepale.

Hamisi alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa udongo. Kila baada ya muda nilimsikia akiuliza kwa sauti ndogo, "Amecheza?" Bi Somoe anajibu, "Bado." Adhuhuri ikapita. Akauliza tena, akajibiwa bado. Hakuna neno nililowahi kulichukia kama neno hilo. Mwanangu, kuogopa huko siwezi kukueleza. Unalala umelibana tumbo lako kwa mikono miwili, na unamwomba mtu ambaye hujamwona akupige teke.

Ndipo Bi Somoe akamwita Hamisi asogee dirishani. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Kwenye baiskeli ulimpakia nani?"

Hamisi akasema, mke wangu na mwanangu.

"Na sisi tuliokuwa tunakutazama, unatujua?"

Akasema, siwajui.

"Basi umewatoa mke na mtoto, upate makofi ya watu usiowajua."

Hamisi akakaa chini palepale alipokuwa, nilisikia mgongo wake ukiparuza ukuta. Nami nikajisikia vizuri kidogo, nikijua lawama zimemkuta mwenyewe. Hazikuishia hapo. Bi Somoe alinigeukia na mimi.

"Na wewe, kule nyuma ulikuwa ng'onda? Ng'onda ndiye anayefungwa kwenye kariya asiseme kitu. Wewe una mdomo, na uliyembeba tumboni hana. Ulikuwa unamwekea nani huo mdomo?"

Nilivuta kanga nikajifunika uso.

Alasiri ilikuwa imeingia, watu wameanza kwenda kuswali, niliposikia kitu ubavuni. Kidogo sana, kama mtu mwenye haya anayebisha hodi. Nikanyamaza, naogopa kujidanganya. Kikaja tena, safari hii teke lenyewe, hata Bi Somoe akaondoa mkono akacheka. Nikasema, "Amecheza." Nilisema taratibu tu, lakini nyuma ya ukuta mume wangu alilia kwa sauti, na watu waliokuwa wanapita wakasimama wakidhani pana msiba.

Tulikaa kwa Bi Somoe mpaka niliporuhusiwa. Tulipoondoka, Hamisi aliikokota baiskeli mpaka juu ya kilima, mimi nimeshika bega lake, tunatembea. Palipokuwa tambarare nilipanda, na kila tulipoona mwinuko au mteremko alishuka mapema kabla hata sijafungua mdomo. Tulifika kwa mama jioni, kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope, na mama hakuuliza nimeletwaje. Alinishika tumbo kwanza.

Habari zilitangulia Kiswere kama ilivyo kawaida. Wakampa jina, Mshushaji. Aliporudi waliliimba mpaka wakachoka. Hakukasirika hata siku moja. Akiitwa anaitika, na kwenye kilima anashuka, hata akiwa peke yake na matenga yake. Alipofariki nilikuwa uani nikasikia mpita njia anauliza ni nani aliyetutoka, akajibiwa, Mshushaji. Nililia nikacheka papo hapo. Aliyekuwa mbele ya jeneza la Mshushaji ni yuleyule aliyenipiga teke kwenye kitanda cha Bi Somoe, baba yake Shabani.

Nilipomaliza, hakuna aliyegusa kiatu chake. Nikasema moyoni, haya, leo mtoto ameelewa. Shabani akakuna kichwa, akaniambia kwa adabu zote, "Lakini bibi, baiskeli zetu sisi zina gia."

Gia! Niliangalia dari, mwanangu. Nilimwomba Mungu subira na nikahisi hata Yeye anapumua kwanza. Nilikuwa nafungua mdomo nimshukie, Rukia akanitangulia. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

"Shabani, kwenye vile vilima mimi nitashuka. Naogopa."

Mume akamgeukia. Akamuuliza mbona hakumwambia siku zote. Nikamjibu mimi kwamba ameambiwa sasa, na wale vijana wengine nao wakatazama viatu vyao. Mmoja akasema taratibu kwamba hata yeye, ule mteremko wa mwisho, aliupita amefumba macho. Nikajua sheria imekufa, na sikuwa na haja ya kusema zaidi.

Basi nasaha yangu ni hii. Pita njia ya pwani, Kilwa mpaka Lindi, ni nzuri na ni yako. Lakini kabla ya kilima mtazame uliyempakia au unayeongozana naye, umuulize kama yuko salama, wala usiwatazame waliokaa kando ya njia. Ukiona panakushinda, shuka ukokote. Na wewe uliye nyuma, ukiogopa sema, usingoje kuulizwa. Soda ni soda tu, wanunulie.

Mwenyezi Mungu akupe pumzi ya kupandia na akili ya kushukia. Na anayekungoja mlangoni akuone unafika na wote ulioondoka nao, hata kama mmefika kwa miguu. Amina.