Chomoa na Antena

Mimi na fundi Anord tunagawana baraza moja hapa Lushoto mjini. Cherehani yangu iko upande wa jua, meza yake ya redio iko ukutani. Si msemaji, ila ukimgusia radi hanyamazi. Kila masika anapokea redio na televisheni zilizoungua mpaka anakosa pa kuketi, na zamani kila mteja aliondoka na mahubiri yaleyale: "Ikinguruma usichomoe umeme tu. Chomoa na antena. Waya wowote unaotoka nje ndio unaoleta radi ndani." Nilimtania kwamba angekuwa mchungaji, usharika mzima ungesinzia.

Mama yake, Bibi Esteria, aliishi peke yake kijijini Gare, chini ya gema la mlima. Masika ya mwaka juzi gema lilipasuka kwa juu, ufa wa kuingiza mguu. Anord akamsihi ahamie kwake mjini. Bibi akakataa, maana kaburi la mumewe lilikuwa pembeni ya nyumba, chini ya mti wa mpeasi.

"Nimwache baba yako na nani?" aliuliza.

Basi Anord akaanza kununua vidude. Bodi ndogo kama kiberiti, ambayo unaipa maagizo kwa kompyuta kisha inayafuata yenyewe. King'ora. Kihisi kinachojua kikiinamishwa. Alijifunza kwenye simu, akaunguza bodi ya kwanza kwa kuchanganya chanya na hasi, akatamka neno ambalo mimi, mke wa mtu, siwezi kuliandika. Mpango wake ulikuwa rahisi: kihisi akifukie gemani, udongo ukianza kusogea kiiname, waya upeleke habari kwenye bodi jikoni, king'ora kilie, mama akimbie. Akaweka na betri, maana umeme wa Gare hukatika wingu likipita tu.

Alikosa kitu kimoja, soketi ya kuungia ule waya kwenye bodi. Akafungua redio ya marehemu baba yake, akatoa tundu la antena na kichwa chake cha kuchomeka, akalehemu tundu kwenye bodi na kichwa kwenye ncha ya waya.

"Dada Sabra," aliniambia, "mzee naye atalinda nyumba."

Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Siku ya kufunga nilikwenda naye. Bodi na betri vilikuwa ndani ya kopo la siagi juu ya kabati la jikoni, tundu limetokeza ubavuni mwa kopo, na waya uliochomekwa hapo umepitishwa dirishani mpaka gemani. Alipokiinamisha kihisi kwa mkono, king'ora kililia, kuku wakatawanyika, na Bibi Esteria akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Kopo hili usiliguse, mama."

"Siligusi, baba."

Aprili iliyofuata mvua ilinyesha bila kupumzika. Mchana mmoja ikanguruma vibaya sana, mimi mwenyewe niliacha kushona. Ngurumo hazijaisha, simu ya Anord ikaita. Gema la Gare lilikuwa limeshuka.

Tulifika kwa pikipiki, tumelowa. Wanaume walikuwa wanachimba kwa majembe na mikono. Walimkuta jikoni, karibu na mafiga, na alikuwa ameshafariki. Nililia kwa sauti. Anord hakulia. Alikuwa anauliza kila mtu kama wamesikia king'ora, na jirani yao Rubeni akamjibu kwa upole, "Hatukusikia kitu, fundi."

Ukuta wenye kabati ulikuwa bado umesimama, na kopo liko palepale juu ya kabati. Akalifungua. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Akapima betri, nzima. Akagusisha nyaya mbili ndani ya lile tundu, king'ora kikalia, watu wote wakashtuka na kuacha kuchimba.

Ndipo alipouona ule waya. Kichwa kilikuwa kimechomolewa. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri kwa duara, umefungwa kwa kipande cha kanga, umewekwa dirishani, kama tunavyoweka wote antena mvua ikinguruma. Kopo Bibi hakuligusa, kama alivyoahidi. Na ile bodi ilijua kusubiri tu. Waya ukichomolewa, kwake ilikuwa ni kama gema limetulia.

Anord aliushika ule waya kifuani.

"Alinisikia," alisema. "Mama alikuwa ananisikia sana." Ndipo akakaa kwenye tope na kulia.

Tulimzika kando ya mumewe. Kaburi la mzee halikuguswa na udongo hata kidogo, jambo ambalo lilinikasirisha na sijui nimkasirikie nani.

Sasa amerudi barazani. Anatengeneza vizuri kama zamani, ila vile vidude hanunui tena, na mahubiri yamekwisha. Juzi mama mmoja wa Mazinde alileta redio iliyopigwa na radi. Alipoikabidhi akauliza, "Fundi, eti ni kweli ikinguruma tuchomoe na antena?"

Anord aliinamia meza. Akachukua pasi ya kulehemu, akaendelea na redio nyingine. Mama wa watu akanitazama mimi.

"Ndiyo, dada," nikamjibu. "Chomoa na antena."