Lango la Mzee wa Kenton

Asubuhi waliyokuja kumchukua, mzee niliyekuwa nikimtunza huko Kenton, Landani, alijifungia ndani ya nyumba yake. Nilimkuta polisi mlangoni, na watu wawili wa ambulensi na kiti chao cha magurudumu, wote wananitazama kana kwamba niliyefunga ni mimi. Ufunguo wangu ulizunguka vizuri, ila mlango haukusogea. Alikuwa ameuegemezea kabati.

Kidonda cha sukari kilikuwa kimemla mguu. Nesi alikiona jana yake, akasema mzee asipofika hospitali sumu itaingia kwenye damu imuue. Mzee akasema haendi popote. Alizaliwa India, chini ya kilima chenye ngome kongwe ya Marajputi, wale watawala wapiganaji wa kale, ambako babu yake alikuwa mlinzi wa lango. Akaletwa Mombasa angali mtoto, akakulia dukani, akazeekea Landani. Kiswahili chake kilikuwa cha duka, na mimi Mpemba nilikuwa na changu, tukagombana navyo kila siku.

Nilipiga magoti nikafungua tundu la kupitishia barua.

"Mzee, ni mimi. Fungua bwana, usinitie aibu mbele za watu."

"Nyuma yako iko nani?"

"Polisi. Na watu wa hospitali."

Polisi akainama, akaninong'oneza nimwambie wanampima tu, atarudi kabla ya chai. Asipofungua, wanavunja. Chuma cha kuvunjia kilikuwa tayari mkononi mwake.

"Ile ngome yetu," mzee akaanza, na pumzi yake ilikuwa fupi, "njia ya kupanda inapinda kona kabla ya kila lango. Kwa nini? Ndovu wa adui asipate mbio ya kupiga mlango kwa kichwa. Na mbao zake zimejaa miiba ya chuma, kimo sawasawa na paji la uso wake. Ukuta unafuata mgongo wa kilima, ndani iko mabirika ya mvua, watu nakunywa mwaka mzima. Hakuna mtu alivunja ile lango."

Hayo nilikuwa nimeyasikia mpaka nimeyachoka. Lakini maadamu anasema, yu hai, nikamchokoza aendelee.

"Sasa mbona ilitekwa?"

"Kwa neno. Adui aliapa kwa Mungu wake: tokeni, hatuwagusi. Wakafungua. Walichinjwa pale pale kwenye kona." Akakohoa sana. "Haya, wewe sema. Nikifungua, leo narudi?"

Ndiyo moja tu, na kazi ingekwisha. Nilimkasirikia. Ana watoto wamejaa Kanada, kwa nini aniulize mimi? Nyuma yangu polisi alitazama saa yake, akanigonga bega.

"Hurudi leo," nikasema. "Mguu umeoza, Mzee. Pengine wataukata. Kama watakurudisha hapa, sijui. Lakini ukibaki humo utakufa, na mimi ndiye nitakayekukuta."

Polisi akauliza nimemwambia nini. Nikategea sikio kwenye tundu. Nilihisi nimemuua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kisha nikasikia kabati likiburuzwa sakafuni. Likasimama, nikasikia anahema, likaburuzwa tena.

Alitoka ameshika ukuta, kavaa koti la suti juu ya nguo za kulalia. Harufu ya mguu ilitangulia. Alikataa mkono wa polisi, akajikalisha kitini mwenyewe, wakamsukuma mpaka barabarani. Walipotaka kumpandisha kwenye ambulensi ndipo aliponishika mkono.

"Jioni utakuja kuniona?"

Nilikuwa na wazee wengine wa kutunza siku ile, wa mwisho yuko Walthamstow, upande wa pili wa jiji, na kutoka kwake ni usiku. Nilijua siwezi.

"Nitakuja," nikamwambia.

Akaniamini, akaniachia mkono.