Gari la Mbio na Ngozi Mbichi

Niliporudi Dodoma kutoka pwani nilikuwa na cheti cha useremala chenye mhuri wa Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala. Sikusaidiwa na mtu. Nilikwenda kwa miguu nikibeba mizigo ya wengine, nikarudi kwa treni na sanduku langu mwenyewe. Nikafungua karakana karibu na stesheni. Tulikuwa mafundi watatu tu, lakini mikokoteni yetu ilijulikana mpaka Bahi. Nikaona haitoshi. Nikasema tutaunda gari la mbio: jepesi, magurudumu mawili, punda mmoja.

Lilipokwisha, habari zikafika bomani. Mwenye duka mmoja alikuwa akikitamani kiwanja changu, na Bwana Mkubwa, Mdachi mwenye boma, akapata njia ya kuamua kati yetu.

"Kesho kutwa ni sikukuu," alisema. "Gari likimbie kutoka stesheni hadi hapa. Likifika zima, kiwanja ni chako. Likivunjika, unahama."

Asubuhi iliyofuata nilitikisa gurudumu, likalia kama njuga. Mbao nilizileta kutoka pwani na nilizichonga kama nilivyofundishwa, sawasawa kabisa. Lakini upepo wetu wa kiangazi ulikuwa umezikausha, zikasinyaa, na pete ya chuma ikawa inachezacheza. Nilipima tena na tena.

Mhunzi wangu, Mrangi wa Kondoa, rika langu na mtani wangu, alisimama akinitazama.

"Cheti kinasemaje, fundi?"

"Nyamaza."

"Labda ukisome kwa sauti. Mbao hizi hazijui kusoma."

Akatoka. Nilidhani amenikimbia. Kumbe alikwenda bomani, walikokuwa wakichinja ng'ombe wa sikukuu, akarudi na ngozi mbichi begani, damu ikimtiririka mgongoni.

"Wewe Mgogo mzima umesahau ngozi? Ikikauka inabana kuliko mkwe mwenye madai."

Tukaikata mikanda, tukaizungusha juu ya chuma na mbao pamoja, tukayaweka magurudumu juani. Upepo ule ule ukavuma mchana kutwa. Kila nilipogusa, ngozi ilikuwa bado laini. Nilikwenda kuigusa mara ngapi, sijui. Jua lilipoanza kushuka niliigonga kwa nyundo, nyundo ikadunda kama juu ya jiwe.

Siku ya sikukuu niliendesha mwenyewe. Kwenye mawe karibu na boma gurudumu la kushoto lilipiga kelele, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, punda alikuwa amesimama mbele ya bendera.

Bwana Mkubwa alizunguka gari. Nikamkunjulia cheti. Hakukitazama, aliinama, akaibonyeza ngozi kwa kidole.

"Hili ulifundishwa chuoni pwani?"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

Akaagiza kiwanja kiandikwe jina langu. Mhunzi alikuwa ameshika hatamu. Alisubiri mzungu aondoke, ndipo akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Hata ng'ombe wa Ugogo leo amehitimu pwani."

Nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Lakini jioni ile nilipopigilia kibao cha karakana mlangoni, kwenye neno "fundi" niliongeza herufi mbili mbele, likawa "mafundi".